Chungu cha Kumshukuru Bukeyeneza

Simbo, 11 Agosti 2024

Mjukuu wangu Scola,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana najua ungeniamkia, nimekulea mimi. Mimi mzima. Goti la kushoto linauma asubuhi, la kulia linaliiga kwa wivu. Mjomba wako Anatoli yuko kwake Kasingirima, hajambo. Kuku wamebaki wanne.

Utashangaa kupata barua wakati dunia nzima ina simu. Simu yangu ilizama kule nyumbani Kibirizi maji ya ziwa yalipoingia ndani, na hata nikipewa nyingine, masikio yangu siku hizi kwenye simu yanasikia mtu anakaanga dagaa tu. Macho bado yapo. Kuandika nilifundishwa ukubwani na mwalimu Elikana, tulikuwa wamama kumi na saba darasani, mimi nikawa wa pili. Wa kwanza alikuwa anaibia. Ukijibu tumia sanduku la parokia, katekista ataniletea.

Nasikia unapika bia huko Iringa. Kwa ndoo za plastiki. Na kipimajoto! Unapika pombe au unauguza mtu? Nimekusomesha kwa pombe ya ndizi tangu darasa la kwanza mpaka ukaajiriwa maabara ya shule, na hata siku moja hukuwahi kuniona nimeitia pombe kipimajoto. Lakini sawa. Angalau umeshika kazi ya nyumba yenu.

Sasa nisikilize. Kuna mama mmoja hapa Simbo, humjui. Pombe imemkataa. Ndizi alizifukia shimoni siku tano, zikaiva mpaka zinajimenya. Alikamua kwa nyasi safi ndani ya mtumbwi mpya wa kukamulia, fundi kauchonga vizuri. Akaongeza maji ya bomba la kijiji, akachuja, akatia mtama wa kukaanga na kusaga, akafunika kwa majani ya mgomba na blanketi. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu akafunua, hakuna povu hata la kuoshea kijiko. Tamu kama maji ya ndizi ya watoto. Kwa hasira akaimwaga kwenye shimo la taka, nyuma ya choo.

Siku nne baadaye nguruwe wa Wilfred, jirani yake, akakutwa amelala katikati ya njia mchana, anakoroma, hataki kuamshwa. Yaani ilikataa kuchacha kwenye mtumbwi, ikaenda kuchachia shimoni kwa faida ya nguruwe! Aibu kama hiyo huyo mama hajaipata tangu azaliwe.

Wewe uliyesoma niambie afanye nini. Ana haraka. Pombe hiyo ni ya kumshukuru mtu, na mtu huyo anarudi kwao Burundi Januari.

Usicheke.

Bibi yako,
Honorata


Iringa, 3 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Barua yako imefika leo, nimeisoma nimesimama mlangoni na mkoba begani. Nashukuru sana kuona mwandiko wako. Mimi mzima. Baridi ya hapa mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno. Shuleni kazi ni ile ile, nawaandalia wanafunzi chupa na dawa, wao wanazivunja.

Bia yangu usiulize. Juzijuzi nilijaza chupa mapema, sukari ikiwa bado inachacha ndani. Jumapili mwenye nyumba, Mzee Erasto, alikuwa na jumuiya sebuleni kwake. Wakiwa katikati ya Baba Yetu, chupa zikaanza kupasuka stoo, moja baada ya nyingine. Ilipopasuka ya sita mama mmoja akatoka nje mbio kwa kupitia dirishani. Mzee Erasto ameniambia kwa upole kwamba ananipenda kama binti yake, lakini nichague kati ya bia na chumba. Nimechagua kupikia jikoni kwa rafiki.

Kuhusu huyo mama: muulize kama maji aliyatia dawa. Nauliza kwa sababu ya nguruwe. Ndizi zilikuwa nzima na mtama ulikuwa mzima, ndiyo maana pombe ilichacha ilipokaa shimoni wazi. Kitu kilichokuwa kinaizuia kiliondoka chenyewe, na dawa ya maji ndiyo tabia yake, ikikaa wazi inapaa na upepo. Mimi mwenyewe maji ya bomba hapa naanza kwa kuyaacha wazi kwenye beseni pana kutwa kucha, au nayachemsha bila mfuniko, ndipo nayatumia. Kwenye bia nimejifunza kwamba maji ni nusu ya kazi.

Na huo mtumbwi mpya mwambie ausugue kwa maji ya moto na dawa ya madoa, halafu ausuuze sana. Kila chombo changu nakisugua hivyo. Usafi kwanza.

Mwambie pia asikate tamaa. Kama ana mkono kama wa mtu mmoja ninayemfahamu, itakubali.

Likizo bado ni ngumu. Msalimie mjomba.

Mjukuu wako,
Scola


Simbo, 29 Septemba 2024

Scola,

Marahaba. Mzima. Anatoli hajambo. Kuku watatu, mmoja amechukuliwa na mwewe mbele ya macho yangu, nimemtupia kiatu, nimekosa kuku na kiatu kimeangukia kwenye tope.

Huyo mama ni mimi. Ulishajua tangu mstari wa pili, usijifanye mpole. Ndiyo, maji niliyatia dawa. Tuligawiwa vidonge mwezi wa tano kwa sababu ya hofu ya kipindupindu, wakasema kimoja kwa ndoo. Mimi nilitia vinne. Pombe ya mtu wa heshima sitaipika kwa maji ya wasiwasi. Kumbe nilikuwa naiua.

Acha nikueleze ni ya nani.

Unamkumbuka Bukeyeneza, yule mama wa Kirundi aliyekuwa ananiletea mikungu ya ndizi kutoka huku Simbo, mwembamba, ananyanyua mkungu kama ananyanyua mtoto? Tumefanya biashara miaka kumi na tisa. Hatukuwa marafiki. Alikuwa ananiambia ndizi zake ni nzuri, mimi namwambia nimeona nzuri zaidi. Ndiyo urafiki tuliokuwa nao.

Aprili ziwa lilipopanda, maji hayakuja kwa kishindo, yalikuja kama mgeni anayeomba kiti. Siku ya kwanza mlangoni. Siku ya tatu chini ya kitanda. Nikakiinua kitanda kwa matofali nikakaa juu. Majirani walinibembeleza, mwenyekiti wa mtaa alinigombeza, sikutoka. Nyumba aliijenga babu yako Alphonce, na mimi siyo dagaa wa kufukuzwa na maji.

Siku ya tano Bukeyeneza akaja na mikungu yake miwili kama kawaida, akakuta hakuna uwanja. Hakunibembeleza. Hakusema hata pole. Aliingia maji yakiwa mapajani, akapitiliza mpaka jikoni, akaanza kubeba vyungu vyangu kimoja kimoja, akivipeleka barabarani. Nikapiga kelele, "We mwanamke, unaiba vyungu vyangu mchana?" Akasema, "Ndiyo. Ukivitaka vifuate." Nikashuka kitandani kwenda kumpiga. Nilipofika barabarani nikageuka, nikaona nimeshatoka.

Mtumbwi wa kukamulia, ule aliouchonga babu yako, ulikuwa mzito. Ulielea ukatoka mlangoni wenyewe ukaenda zake ziwani kama wa wavuvi.

Nimekaa kwa Bukeyeneza miezi minne, mpaka nilipopanga nyumba ndogo hapa hapa Simbo. Alinipa kitanda chake. Nani mwingine alikuja na nani hakuja sitaandika, karatasi ni chache.

Sasa kaka yake Bucumi amepata tena shamba la baba yao kule Rumonge, na Bukeyeneza anaondoka. Siwezi kumwacha avuke mpaka bila chungu. Na desturi unaijua, ila nakukumbusha kwa sababu mjini mnasahau: pombe ya shukrani haibebwi na aliyeokolewa. Anaibeba mtoto wa kike wa nyumba yake, kichwani, chungu kimefunikwa jani. Aliyeokolewa anatembea nyuma mikono mitupu, watu wote waone hana cha kulipa. Ikibebwa na mtu baki, au ikiletwa kwa bodaboda, hiyo ni pombe ya kuuza.

Sikuombi kitu. Nakukumbusha desturi.

Honorata


Iringa, 18 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimefurahi Bukeyeneza alikutoa. Nimesoma sehemu ya vyungu mara tatu.

Nimefikiria sana kuhusu pombe. Baada ya vidonge vile na mtumbwi mpya, inawezekana hakuna chachu ya kutosha. Nakutumia pakiti mbili za hamira pamoja na barua hii. Maji yachemshe bila mfuniko, yakipoa kabisa mpaka ukitia kidole husikii moto wala baridi, tia juisi, halafu vijiko viwili tu vya hamira. Mtumbwi usugue kama nilivyosema.

Shuleni mitihani inaanza, mambo ni mengi.

Wako,
Scola


Simbo, 17 Novemba 2024

Scola,

Mzima. Anatoli hajambo.

Nimefanya ulivyosema. Maji nimechemsha bila mfuniko, sawa, hapo una akili, dawa yote ilikwenda na mvuke, nilinusa mwenyewe. Mtumbwi nimesugua kwa dawa ya madoa mpaka mbao zikawa nyeupe kama meno ya tangazo. Hamira yako nimetia. Ikachemka haraka, ikafura, ikamwagika chini usiku na mchana kama imefukuzwa. Nikafurahi. Nikaonja. Scola, ilikuwa mkate! Mkate wa kunywa. Siku iliyofuata ikageuka siki. Mzee Meshack, anayekunywa chochote chenye maji ndani yake, alionja akaniuliza kama nataka kumuua kwa sababu ya shamba lake.

Nimeimwaga. Nguruwe wa Wilfred safari hii amenusa akaondoka.

Mimi nilijua mtumbwi hauoshwi kwa dawa. Mama yangu angenichapa. Tunausuuza kwa maji tu na kuugeuza juani, miaka yote. Lakini nikasema, mtoto amesoma, mimi nimeishia kwa mwalimu Elikana. Nikasugua. Nani alinituma kuacha ninachokijua?

Na jambo jingine. Mimi nilikuandikia kuhusu chungu kubebwa, wewe ukanijibu hamira. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma nikitafuta jibu, hata kwenye bahasha nimechungulia.

Basi nitaandika nisilotaka kuandika. Aprili hamkuja. Wewe hukuja na Anatoli hakuja, na Kasingirima ni mwendo wa kanga kukauka. Mlituma hela kwenye simu, na simu ilikuwa majini. Mtu aliyekuja ni mwanamke tuliyekuwa tunagombana naye bei ya ndizi.

Gari la Bukeyeneza linaondoka Jumamosi tarehe 11 Januari. Sina pombe na sina wa kuibeba.

Ni hayo.

Honorata


Iringa, 5 Desemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Naiandika hii shuleni, kwenye meza ya maabara, wanafunzi wameshafunga.

Aprili nilipata habari siku ya pili. Nilimpigia mjomba, nikamuuliza utaenda? Akasema wewe unakuja? Nikasema nitaangalia kazini. Kila mmoja alikata simu akiamini mwenzake anakwenda. Mimi nilijua moyoni kwamba hakwenda, kwa jinsi alivyosema "tutawasiliana." Nilijua, na nikatuma hela ili nisiendelee kujua. Baadaye nikasikia uko kwa mtu Simbo, umepona, nikashukuru Mungu, kisha nikaona aibu kuja, na kila mwezi uliopita aibu ikazidi. Barua yako ya kwanza ilipofika nilidhani ni ya kunilaani. Ukaniuliza kuhusu pombe. Bibi, huwezi kujua nilivyofurahi kuulizwa kitu ninachoweza kujibu.

Nilikujibu kwa vitu vya ndoo. Ndoo ya plastiki haina kitu ndani yake, ndiyo maana naisugua na kununua chachu dukani. Mtumbwi wa mti ni tofauti. Chachu yako ilikuwa inaishi kwenye mbao zile za babu, miaka yote, kila pombe inairithi iliyotangulia. Ilikwenda ziwani na mtumbwi. Na mimi nikakuambia uue hata ile kidogo iliyokuwa inaanza kwenye mpya. Kosa ni langu, siyo la mwalimu Elikana.

Kuna njia moja. Unahitaji machicha, yale masalia ya pombe, kutoka kwenye mtumbwi wa zamani wa mtu, mtumbwi unaofanya kazi, ukayapake kwenye mbao za mpya na kuyaacha yashike, ndipo ukamue. Na mtu mwenye mtumbwi wa zamani hapo karibu unamjua.

Nimeomba likizo. Nitafika Jumanne tarehe 7 Januari. Nitaibeba.

Mjukuu wako,
Scola


Simbo, 22 Desemba 2024

Scola,

Marahaba, na heri ya Noeli. Barua hii nampa mpwa wa katekista anayekuja Iringa, ikufikie kabla hujapanda basi.

Nilipoisoma yako nilikasirika siku mbili. Siyo kwa Aprili. Kwa Aprili nimekuelewa, ubaya wake ni kwamba nimekuelewa. Nilikasirika kwa machicha. Nimwombe Bukeyeneza chachu ya pombe ya kumshukuru Bukeyeneza? Ni kama kumwazima mtu nguo ili umpe zawadi. Nikasema afadhali nimpelekee soda.

Siku ya tatu nikaenda. Nilimkuta anafunga magodoro kwa kamba. Tukasalimiana, mwakeye, mwakeye. Nikatazama kamba zake. Akasema, "Honorata, umekuja kunitazama nikifunga mafundo?"

Nikamwambia, "Nataka machicha ya mtumbwi wako."

"Ya nini?"

"Ya pombe."

"Pombe ya nani?"

Nikatazama kuku wake. Nikasema, "Yako."

"Yangu ya nini?"

"Wewe Mrundi, unataka niseme? Ya vyungu. Ya kitanda."

Aliachia kamba, akakaa juu ya godoro, akacheka mpaka kitenge kikamfunguka. "Yoo, Honorata we! Kumbe ni wewe uliyemlewesha nguruwe wa Wilfred! Na mimi nimemchemshia dawa ya minyoo wiki nzima!"

Nikamwambia akimaliza kucheka aniambie, nina kazi nyumbani. Akaiokota kamba. Kisha akasema, na hapo alikuwa hacheki, "Miezi minne umelala kwangu hukuniomba hata chumvi. Chumvi ilikuwa mezani, wewe unakwenda dukani na goti lako. Nilikuwa najiuliza, huyu mama ananionaje? Ananiona ni hoteli? Leo ndiyo umeniomba kitu."

Sikujua, Scola. Mimi nilidhani namhurumia.

Alinipa sufuria nzima ya machicha, akaja mwenyewe kuyapaka, kwa sababu alisema mimi napaka kama natia rangi ukuta. Mtumbwi umekaa umefunikwa siku tatu, na jana niliufunua, harufu yake ikanirudisha kwa mama yangu.

Maji nayo nimeamua. Pombe ya nyumba yangu iliyozoeleka ilikuwa na maji ya ziwa, yana uzito wake, maji ya bomba ni mepesi mdomoni. Nilichukua bodaboda na madumu mawili mpaka Kibirizi. Bandari ya mitumbwi wameisogeza juu, wachukuzi wale wale, matusi yale yale. Nyumba yangu bado imesimama majini, yanafika dirishani, mlango unafunguka na kujifunga wenyewe. Niliingia mpaka magotini upande wa barabarani nikachota pale. Yaani nimechota maji juu ya uwanja wangu mwenyewe, mahali nilipokuwa naanika mtama. Nimeyachemsha bila mfuniko, nimeyachuja kwa kanga mara mbili. Bila kidonge.

Ndizi zinaingia shimoni tarehe 2. Tunakamua ukifika. Usije na kipimajoto.

Bibi yako,
Honorata


Simbo, 19 Januari 2025

Mjukuu wangu Scola,

Marahaba. Natumaini umefika salama na shingo imepoa. Shingo yako ni laini, umeizoeza kubeba mkoba. Lakini hukumwaga, na mwendo kutoka kwangu mpaka kwa Bukeyeneza una vilima viwili. Mama yako, Mungu amrehemu, zamani aliwahi kumwaga kwenye kilima kimoja tu.

Pombe ilikuwa ya kawaida. Nimepika bora. Povu lilitoka vizuri na ukali ulikuwepo, ila nyuma ya ulimi ilibaki utamu kidogo, mtumbwi bado mchanga. Wewe ulisema ni nzuri sana kwa sababu umezoea bia za ndoo. Bukeyeneza alivuta mrija, akafumba macho, akasema, "Hii ni ile ya Kibirizi." Hilo ulilisikia.

Nakuandikia ambayo hukuyaona. Wewe ulikuwa mbele na chungu kichwani, huwezi kugeuka, ukigeuka kinaanguka.

Tulipopita kwa Wilfred nilisikia mtu nyuma yangu. Wajua masikio yangu, kumbe alikuwa ameita mara kadhaa. Nikatazama, ni Anatoli. Amevaa shati la kanisani, ana mfuko mkononi, nadhani ni sukari na mchele, alivyozoea kuniletea akija, ananiwekea mlangoni na kuondoka kabla sijafungua mdomo. Nani alimwambia siku hiyo sijui. Mimi sikumwambia, na wewe sikuulizi.

Alitembea pembeni yangu kidogo. Nikatazama ule mfuko. Naye akautazama. Akaenda akautundika kwenye uzio wa Wilfred, akarudi, akaingia nyuma yangu. Mikono mitupu, ameinyoosha hivi ubavuni kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili. Wanawake waliokuwa wanaanika mihogo walisimama kutazama, wakaelewa, mmoja akapiga kigelegele. Yeye hakuinua uso mpaka tulipofika. Ulipopiga magoti tukakushushia chungu ukamwona amesimama pale, ukadhani amekuja kwa njia fupi ya shuleni. Hapana. Alitembea vilima vyote viwili.

Bukeyeneza alimjua ni nani. Alimpa mrija wa pili, baada ya wake, kabla yangu. Nilitaka kusema kitu kuhusu utaratibu, nikameza.

Jumamosi ile, wewe umeshapanda basi lako alfajiri, gari lilikuja kumchukua saa nne. Chungu ni chake sasa, alikataa kukiweka na mizigo, alikipakata. Ndani alitia machicha ya mtumbwi wangu, ya mtumbwi wake alisema yamezeeka. Nikamwambia ni yale yale, mwizi wewe. Akasema, "Rumonge ziwa ni hili hili. Ukiniona nakuja na mikungu usishangae." Nikamwambia nimeshaona mikungu mizuri zaidi. Gari likaondoka. Nilisimama pale mpaka vumbi likaisha, magoti yote mawili yakiuma, sikukaa.

Kitanda chake kaniachia. Nimekilalia jana.

Wewe nakushukuru. Ulikuja, ulibeba, ulikaa na mimi kwenye mtumbwi mikono yako imejaa ndizi mpaka viwikoni na hukunifundisha kitu hata kimoja. Nashukuru na kwa maji ya kuchemsha bila mfuniko, hilo nimewaambia wapika pombe wote wa hapa na nimesema nimelitoa kwa mjukuu wangu. Neno la kushukuru nimeliandika mara mbili sasa, zitunze, sitaandika la tatu.

Jana Anatoli amekuja tena. Hakuleta mfuko. Alikunja suruali, akaosha mikono, akaingia kwenye mtumbwi kukamua bila kuombwa. Anakamua vibaya sana. Anaminya nyasi upande mmoja, maganda yanaingia, nusu ya juisi inabaki kwenye makapi. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama tangu asubuhi mpaka alipomaliza, na sikumwambia chochote.

Bibi yako,
Honorata